Barua ya wazi kwa viongozi wa Manispaa yetu: Msiishushe dari ya Ukumbi wa Mji

Kwa Mstahiki Meya,
Mkurugenzi wa Manispaa,
na Waheshimiwa Madiwani wote.

Yah: Ukarabati wa Ukumbi wa Mji

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Ninaandika nikiwa mpiga fidla wa miaka mingi na katibu wa kamati ndogo iliyoundwa na vikundi vinavyoutumia Ukumbi wa Mji: vikundi viwili vya taarabu, bendi moja ya dansi, kwaya tatu, pamoja na wazee wachache ambao hawapigi tena ala yoyote lakini hawakosi onyesho. Tumekwishawaandikia mara tatu. Barua ya kwanza ilipokelewa masjala na nakala yetu ikagongwa muhuri. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliipeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na karani akanieleza kwa upole kwamba suala hilo limekwishapita kwenye kikao na kwamba sisi wanamuziki tutaalikwa siku ya uzinduzi.

Tungependelea jambo hili liishe ndani ya ofisi zenu. Tunalileta mbele ya watu wote kwa sababu ukumbi ni mali yao, na kwa sababu mkandarasi akishaanza kazi hakuna barua itakayorudisha kilichovunjwa.

Tunayoyajua tumeyapata kwa mafundi waliokuja kupima, maana michoro hatujaonyeshwa. Tumeambiwa kwamba dari mpya ya jipsamu itaning'inizwa mita 3.6 kutoka sakafuni. Kwamba viti vya kukunja vitaondolewa na kuwekwa viti vya sponji vilivyofungwa sakafuni, vingi kuliko vya sasa. Kwamba zulia litatandikwa ukumbi mzima. Kwamba jukwaa la mbao litabomolewa na kujengwa la zege lenye vigae. Na kwamba madirisha yatazibwa kwa vioo na alumini ili viyoyozi vifanye kazi. Kama kuna lolote kati ya haya ambalo si kweli, tutafurahi kusahihishwa, na tutalisahihisha hadharani kama tulivyolisema.

Naomba kwanza nilieleze jengo lenyewe, kwa kuwa nina hofu kwamba baadhi ya waliopitisha mpango huu hulitazama kwa nje tu wakielekea sokoni. Ukumbi ulijengwa katika miaka ya 1950. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa ndani ya dirisha akaning'iniza miguu. Ni mstatili mrefu na mwembamba, umbo la sanduku la viatu. Paa limeinuliwa juu sana kwa kenchi za mbao, na mbao zilizopigiliwa chini ya kenchi hizo zinafuata mteremko wa paa badala ya kulala bapa. Karibu na paa pana matundu ya hewa yaliyotiwa nakshi, na kila upande pana baraza ndefu inayokinga kuta zisipigwe jua. Jukwaa limeinuka kufikia kiuno cha mtu mzima na chini yake ni uwazi mtupu.

Aliyeliinua paa hilo alikuwa akitafuta ubaridi. Hewa ya moto hupanda na kutokea kwenye matundu ya juu, na upepo wa bahari huingia kupitia milango ya chini kuja kuchukua nafasi yake. Katika kutafuta ubaridi akatupatia na sauti. Kuta mbili zilizokaribiana huirudisha sauti masikioni mwa msikilizaji kutoka kulia na kushoto, na huirudisha mapema, kabla akili haijaitenga na sauti ya asili. Jiwe na chokaa hunyonya sauti kidogo sana. Na urefu wa kwenda juu huipa sauti hewa ya kuishi ndani yake kwa muda baada ya ala kunyamaza. Ndiyo sababu usiku mmoja umeme ulipokatika, mwimbaji wetu mkubwa, mama ambaye sasa ni marehemu, aliimba beti tatu nzima gizani bila kipaza sauti, na watu wa safu ya mwisho wakaendelea kuitikia kibwagizo. Nilikuwepo jukwaani, fidla begani, na sikuhitaji kuukaza upinde.

Hoja zetu ni hizi.

1. Dari.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mkilisikia hili peke yake barua yetu itakuwa imefika. Fidla ina uwazi tumboni mwake. Udi una uwazi, qanuni ina uwazi, hata ngoma bila uwazi ni ngozi tu. Hakuna fundi wa ala atakayekwambia kwamba uwazi huo ni nafasi iliyopotea inayofaa kuzibwa. Tumesikia kwamba katika maelezo ya mradi sehemu iliyo juu ya kenchi na chini yake imeitwa nafasi isiyotumika. Waheshimiwa, hiyo ndiyo sehemu ya ukumbi tunayoitumia zaidi.

Haya si maneno ya mapenzi ya wanamuziki pekee. Yana elimu yake, na elimu hiyo ina historia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao hakuna aliyeweza kumsikia mhadhiri ndani yake, kwa sababu neno lililotamkwa liliendelea kuvuma kwa takriban sekunde 5.5 na kuyafunika maneno yaliyofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, akapewa kazi ya kutafuta tiba. Usiku baada ya usiku, mji ukiwa kimya, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho, wakaipanga, wakapuliza bomba la kinanda, na kwa saa ya kupimia wakahesabu muda ambao sauti ilibaki hewani. Wakaongeza mito, wakapima tena. Na kabla ya asubuhi wakairudisha yote mahali pake. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia hadi leo: muda wa mvumo hurefuka kadiri hewa ya chumba inavyokuwa nyingi, na hufupika kadiri vitu vinavyonyonya sauti vinavyoongezeka. Kanuni hiyo ikatumika katika Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900. Wasanifu wake walikuwa wamefikiria kwanza ukumbi wa nusu duara wenye mtindo wa maonyesho ya Kigiriki, wakauacha, wakajenga sanduku refu, jembamba, lenye dari ya juu. Hadi leo unatajwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani, pamoja na ule wa Musikverein wa Vienna wa mwaka 1870 na wa Concertgebouw wa Amsterdam wa mwaka 1888, na zote tatu zina umbo hilohilo la sanduku.

Sasa tuitumie kanuni hiyo nyumbani. Tuchukue mfano wa ukumbi wenye urefu wa mita 30, upana wa mita 14 na kimo cha mita 9, vipimo visivyo mbali na vya ukumbi wetu. Hewa iliyomo ni mita za ujazo 3,780. Shusha dari hadi mita 3.6 na hewa inayobaki ni mita za ujazo 1,512. Asilimia 60 ya ukumbi imeondoka, na watu walioketi ni walewale, wakiwa na miili na nguo zilezile zinazonyonya sauti. Hata kama jipsamu isingenyonya chochote, mvumo ungepungua kwa kiwango hicho. Lakini jipsamu nyembamba iliyoning'inizwa na kuachiwa uwazi nyuma yake hutikisika, na kwa kutikisika kwake humeza sauti nzito: besi ya dansi, chelo, mapigo ya chini ya dumbaki. Zulia nalo humeza sauti nyembamba za juu, zile za filimbi ya nai na za herufi mwimbaji anapozitamka. Kitakachobaki katikati ni sauti kavu, kama ya mtu anayezungumza ndani ya kabati la nguo.

2. Viti.

Tunaambiwa kwamba viti vingi vitaleta mapato mengi. Tunawaomba msome kilichotokea New York. Pale Lincoln Center, kituo cha sanaa cha mji huo, ilipopanga ukumbi wake wa muziki, mtaalamu wa sauti Leo Beranek alikuwa amezikagua kumbi zaidi ya 50 za dunia, na akashauri ukumbi wa umbo la sanduku wenye viti takriban 2,400. Gazeti moja la mji likapiga kampeni kwamba viti havitoshi. Mpango ukabadilishwa, kuta zikapinda, viti vikapita 2,600, na ukumbi ukafunguliwa Septemba 1962. Wanamuziki walilalamika hawasikilizani jukwaani, na wasikilizaji walilalamika hawasikii besi. Baada ya marekebisho kadhaa yasiyotosha, mwaka 1976 sehemu yote ya ndani ilibomolewa na kujengwa upya. Bado haikuridhisha. Ikabomolewa tena, na ukumbi ukafunguliwa upya Oktoba 2022 kwa gharama ya dola milioni 550; safari hii viti vilipunguzwa kutoka 2,738 hadi takriban 2,200. Mji tajiri kuliko miji yote ulichukua miaka 60 kurudi karibu na shauri ulilopewa mwanzoni. Manispaa yetu haina miaka hiyo wala dola hizo.

Kuna jambo lingine kuhusu viti ambalo hakuna mhandisi wa New York angelijua, nalo linatuhusu sisi. Taarabu haisikilizwi kwa kukaa. Mama anapoguswa na ubeti huinuka, hushuka katikati ya ukumbi taratibu kwa mwendo wa wimbo, akafika jukwaani kumtunza mwimbaji, na wenzake wakamfuata. Wanaume nao huenda, na wapo walioombana radhi hadharani kwa njia hiyo bila kutamka neno. Njia pana ya katikati ni sehemu ya onyesho. Bendi ya dansi nayo inahitaji sakafu tupu, na kwa viti vya kukunja ukumbi hugeuka kwa muda wa robo saa, kazi ya vijana sita. Viti vikifungwa sakafuni kwa bolti, safu hadi safu, tutakuwa na chumba cha semina.

3. Jukwaa.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini yake hushiriki kwenye muziki. Mguu wa chelo unasimama juu yake, na mbao huchukua mtetemo na kuueneza. Mchezaji hausikii kwa masikio tu. Huupata kwa nyayo, na ndivyo wapigaji wa nyuma wanavyokwenda sawa na wa mbele. Juu ya zege na vigae hayo yote hukoma, na vigae hurudisha sauti kwa ukali usiopendeza.

Tunakubali kwamba mbao za mbele zimechakaa na kwamba mbili zimeoza kabisa, karibu na ngazi ya kushoto. Zibadilishwe. Boston walikabiliwa na shida hiyohiyo mwaka 2006, baada ya sakafu ya jukwaa kutumika kwa zaidi ya karne moja. Waliweka mbao ngumu za aina ileile, wakatandika chini yake sufu iliyoshindiliwa kama ya mwanzo, wakatengenezesha misumari ya umbo la ile ya zamani na kuigonga kwa mkono, na mbao za chini za mwaka 1899 walipozikuta nzima wakaziacha zilipo. Ilikuwa kazi ya kukarabati kwa maana halisi ya neno hilo. Mafundi seremala wa mji huu, wanaochonga milango na kutengeneza majahazi, hawashindwi na jukwaa la mvule.

4. Madirisha na viyoyozi.

Hoja hii ni fupi. Qanuni ni ala ya sauti ndogo na nai ni pumzi ya mtu. Mngurumo wa viyoyozi juu ya dari ya chini utazifunika zote mbili, nasi tutalazimika kuweka vipaza sauti kwenye kila ala ili kushindana na mashine iliyoletwa kutupoza. Jengo hili lilisanifiwa lijipoze. Mapangaboi marefu, matundu ya juu yaliyozibuliwa na milango ya barazani iliyofunguliwa yanatosha kwa maonyesho ya usiku. Na kwa mikutano ya mchana, matundu matano kati ya yaliyozibwa kwa saruji miaka ya nyuma yakifunguliwa tu, mtaona tofauti.

5. Utaratibu.

Ukumbi huu umejengwa na kutunzwa kwa fedha ya umma, na vikundi vyetu hulipa ada ya kila usiku tunaoutumia. Hatukuitwa kwenye kikao chochote. Michoro haikubandikwa mahali. Tumesikia, kwa kuambiwa na mtu aliyeambiwa, kwamba baada ya ukarabati ukumbi utakodishwa kwa mwendeshaji binafsi wa sherehe za harusi, naye ndiye atakayepanga bei. Hatuna ugomvi na harusi. Wengi wetu tunakula kwa kupiga kwenye harusi. Tunachouliza ni kama kwaya ya mtaa itamudu bei hiyo, na kama kutakuwa na usiku hata mmoja kwa wiki ambao ukumbi wa mji utakuwa wa mji.

Waheshimiwa, tunajua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine tumekwishayasikia pembeni.

Mtasema jengo ni bovu na linavuja. Ni kweli linavuja. Ndoo mbili huwekwa nyuma ya jukwaa kila masika, na ninazijua kwa sababu mimi ndiye ninayezimwaga. Lakini ubovu wa paa hutibiwa kwenye paa. Mwaka 1983 ilibainika kwamba Concertgebouw ya Amsterdam ilikuwa ikizama, kwa kuwa nguzo 2,186 za mbao zilizoishikilia kwenye ardhi tepetepe zilikuwa zikioza. Hakuna ubovu mkubwa kuliko huo kwa jengo. Waliweka msingi mpya chini yake huku maonyesho yakiendelea juu, na chumba chenyewe, chenye ile sauti watu wanayoifuata kutoka mbali, hakikuguswa. Dari ya jipsamu chini ya paa linalovuja itaficha uvujaji hadi kenchi zioze tukiwa hatuoni.

Mtasema siku hizi kuna spika na mitambo ya kuongeza mvumo, kwa hiyo umbo la chumba halina uzito. London walilijaribu. Royal Festival Hall, iliyofunguliwa Mei 1951 kwa fahari kubwa baada ya vita, ilibainika kuwa na sauti kavu, na katika miaka ya 1960 wakaweka mikrofoni na spika nyingi ndani ya dari ili kuurefusha mvumo kwa umeme. Mwishowe mitambo hiyo ikazimwa, na kati ya mwaka 2005 na 2007 ukumbi ukafungwa ili kuta, dari na jukwaa vyenyewe virekebishwe. Nasi hatuhitaji mfano wa mbali: mtambo wa spika wa ukumbi wetu uliharibika muda mrefu uliopita na haujatengenezwa. Kuta hazijawahi kuhitaji vipuri.

Mtasema zahanati na madarasa vinatangulia. Tunakubali kwa moyo wote, nasi pia tuna wagonjwa na watoto. Lakini fedha hizi zimekwishatengwa kwa ukumbi, na tunachoomba kitagharimu pungufu ya kilichopangwa, kwa kuwa tunaomba msivunje. Na isifikiriwe kwamba muziki na hospitali ni wapinzani. Ukumbi wa mji wa Birmingham, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1834, ulikusudiwa kwa kiasi kikubwa kuwa makao ya tamasha la muziki ambalo mapato yake yalikwenda kwenye hospitali kuu ya mji. Sisi wenyewe tumepiga ndani ya ukumbi wetu kuchangia vitanda vya wodi ya wazazi, na baadhi yenu mlikuwa wageni wa heshima usiku huo.

Na yupo atakayesema kwamba ni jengo la mkoloni, lisilostahili kuliliwa. Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam ulijengwa kabla ya uhuru, na ndani yake Bunge la nchi huru likakaa. Jengo huwa la wale wanaolitumia. Taarabu yenyewe ilikuja na qanuni ya Waarabu na fidla ya Ulaya, na tangu kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilipoanzishwa Unguja mwaka 1905 hadi Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 akiimba kwa Kiswahili, watu wa pwani waliichukua wakaifanya yao, hata leo hakuna anayeuliza fidla imetoka wapi. Kuta zetu ni matumbawe ya bahari hii na chokaa iliyochomwa hapahapa. Waliozijenga walikuwa babu zetu, kwa ujira mdogo. Sijui ni kwa namna gani tungewaheshimu kwa kuzifunika.

Kwa hayo yote, tunaomba mambo yafuatayo.

Kwanza, mkataba wa ukarabati usisainiwe, na kama umesainiwa kazi isianze, hadi michoro na makadirio ya gharama yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Ukumbi wa Mji kwa muda usiopungua siku 30, na wananchi wapewe kikao cha kuyatolea maoni.

Pili, dari ya kuning'iniza, zulia la ukumbi mzima na jukwaa la zege viondolewe kwenye mradi. Hapa hatuna nafasi ya kukutana katikati, kwa kuwa dari iliyoshushwa nusu nayo ni dari iliyoshushwa.

Tatu, kabla ya uamuzi wowote mwingine, ukumbi upimwe na mtu mwenye elimu ya sauti, ukiwa mtupu na ukiwa umejaa. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu: puto hupasuliwa, mlio wake hurekodiwa, na muda wake wa kufifia husomwa. Tuko tayari kuujaza ukumbi watu bila malipo siku hiyo.

Nne, fedha zielekezwe kwanza kwenye paa, kwenye kenchi zilizoanza kuliwa na mchwa upande wa kaskazini, kwenye nyaya za umeme ambazo zinatutia hofu, kwenye vyoo, na kwenye njia ya kupandia watu wanaotumia viti vya magurudumu, ambao hadi leo hubebwa mikononi kupitia ngazi za mbele. Hilo la mwisho ni aibu yetu sote, na lingepaswa kutangulia viyoyozi.

Tano, vyovyote ukumbi utakavyoendeshwa, siku mbili za kila wiki zihifadhiwe kwa vikundi vya mji huu kwa ada isiyozidi ya sasa, na sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba.

Sita, tujibiwe kwa maandishi.

Tunatambua kwamba miongoni mwenu wapo ambao hawakuelezwa haya wakati wa kupiga kura, na hatumtuhumu yeyote kwa nia mbaya. Aliyechora dari ile huenda alipewa picha za kumbi za mikutano za hoteli, akadhani ndizo tunazozitamani. Ndiyo maana tunawaalika, kabla ya kutujibu, mje msikilize. Vikundi vyote vitafanya mazoezi ya pamoja Alhamisi ijayo. Milango ya barazani itakuwa wazi kuanzia saa moja na nusu usiku, spika zitakuwa zimezimwa, na tumewatengea safu ya mwisho kabisa, ile iliyo chini ya saa ya ukutani.

Kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Vikundi vya Ukumbi wa Mji

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Wilaya
Ofisa Utamaduni
Ubao wa matangazo, Ukumbi wa Mji